Masomo Aliyojipangia Ralph Bunche

Anayeingia shahada ya uzamili inayochanganya taaluma kadhaa hukabidhiwa kwanza fomu. Yangu ilikuwa na nafasi nane tupu, na orodha ndefu ya kuzijazia: historia, siasa, uchumi, elimu ya jamii, lugha. Ukidonoa hapa na pale utatoka chuoni kama mtu aliyerudi sokoni na viungo bila mchele. Wakati ule nilikuwa nikisoma maisha ya Ralph Bunche, na tangu hapo namtaja kwa kila kijana anayeniletea fomu ya namna hiyo.

Bunche alikuwa Mmarekani mweusi, mwalimu wa siasa katika Chuo Kikuu cha Howard. Mwaka 1934 alipata udaktari Harvard kwa kulinganisha utawala wa Wafaransa katika nchi mbili jirani: Togo, iliyosimamiwa kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, na Dahomey, iliyokuwa koloni hasa. Je, mtu wa Togo alikuwa na nafuu? Bunche aliona tofauti ni ndogo mno.

Wengi wangeishia hapo. Yeye alitaka kujua utawala ule ulionekanaje machoni pa waliotawaliwa, na somo la siasa halikuwa na njia ya kuwauliza. Basi daktari mzima akarudi kuwa mwanafunzi. Alikwenda kwa Melville Herskovits, Northwestern, kujifunza anthropolojia. Mwaka 1937 akawa London kwa Malinowski, kisha Cape Town kwa Isaac Schapera. Hukohuko London alijifunza Kiswahili, na mwalimu wake alikuwa Jomo Kenyatta, mwanafunzi mwingine wa Malinowski. (Mpwani atanung'unika kwamba mwalimu hakutoka Lamu wala Unguja. Na anung'unike.) Mwaka 1938 Bunche alikuwa Kenya, miongoni mwa Wakikuyu.

Tazama, msomaji, jinsi somo moja lilivyoliita jingine. Lugha haikuwekwa ili kutimiza sharti la chuo. Iliwekwa kwa sababu kulikuwa na watu wa kusema nao. Nami nikapanga yangu hivyo. Swali langu lilikuwa vyama vya ushirika vya wakulima wa kahawa Kilimanjaro. Historia ilinipa mwaka 1933, KNCU ilipoundwa, lakini haikunieleza bei ya kahawa; nikaenda uchumi. Uchumi haukunieleza kihamba hurithiwaje. Nikaenda elimu ya jamii. Nafasi mbili zilibaki, na kwa kweli nilizijaza kwa yaliyonifurahisha tu.

Mwaka 1945 Bunche alikuwa San Francisco, akisaidia kuandika sehemu za Mkataba wa Umoja wa Mataifa zinazohusu nchi zisizojitawala, na mwaka uliofuata akaongoza idara ya udhamini. Sidai kwamba masomo yake ndiyo yaliyoandika Mkataba. Mataifa makubwa yalikuwa na hesabu zao. Lakini Mkataba ule ulitoa kitu ambacho Togo ya zamani haikuandikiwa: haki ya kutuma wakaguzi katika nchi zilizodhaminiwa. Uliruhusu pia kupokea malalamiko ya wenyeji. Tanganyika iliwekwa chini ya udhamini huo Desemba 1946. Machi 1955 Julius Nyerere alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini, akalieleza mwenyewe.