Kambi ya Szarvas

Szarvas ni mji mdogo kusini mashariki mwa Hungaria, na kwa Kihungaria jina lake maana yake ni kulungu. Tangu mwaka 1990, wakati wa kiangazi vijana wa Kiyahudi kutoka nchi nyingi hukutana hapo, kwenye kambi iliyo kando ya maji ya Körös.

Ili kuielewa kambi hiyo, turudi mwaka 1944. Machi mwaka huo Ujerumani iliikalia Hungaria. Kati ya Mei na Julai Wayahudi zaidi ya 430,000 walisombwa kwa mabehewa, karibu wote wakapelekwa kwenye kambi ya mauaji ya Auschwitz. Walionusurika walijikuta chini ya utawala wa kikomunisti, ulioitazama dini kwa jicho baya. Wazazi wengi wakanyamaza. Watoto wakakua bila kujua kwamba wao ni Wayahudi, wengine wakaja kuambiwa ukubwani. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa, lakini wazazi hawa waliificha mila yao ili watoto wapone, nami sina ubavu wa kuwalaumu.

Ukuta wa Berlin ulipoanguka mwaka 1989 na utawala huo kuporomoka, kimya kile kilianza kuvunjika. Shirika la misaada la Wayahudi wa Marekani, JDC, lililoanzishwa mwaka 1914 na kufukuzwa Hungaria mwaka 1953, lilishirikiana na wakfu wa Ronald Lauder, aliyewahi kuwa balozi wa Marekani nchini Austria. Wakafungua kambi.

Ijumaa jua likizama, mishumaa huwashwa, mkate hubarikiwa, na nyimbo za Kiebrania huimbwa na watoto ambao nje ya kambi hawana lugha moja ya kuzungumza. Wapo waliouona mwanga wa Sabato hapo kwa mara ya kwanza. Desturi ni mzee kumrithisha mtoto. Lakini watoto hawa walirudi makwao Warsaw au Bucharest na dua kinywani, wakawafundisha mama zao. Kwangu mimi, hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote yaliyotendeka Szarvas.

Kisha nchi jirani ya Yugoslavia ikasambaratika kwa vita kuanzia mwaka 1991. Vijana wa Kiyahudi kutoka pande zilizokuwa zikipigana waliendelea kukutana kambini na kula meza moja.

Baadaye walikuja hata vijana wa Marekani, Israeli na India. Waliokuwa watoto katika miaka ile ya mwanzo sasa wana watoto wao, na baadhi yao huwapeleka Szarvas.