Ndama waliotokwa na damu: Ujerumani na majirani zake walivyoukabili ugonjwa mpya

Kuanzia mwaka 2007, madaktari wa mifugo kusini mwa Ujerumani, hasa katika jimbo la Bavaria, walianza kuwaona ndama wasiozidi umri wa mwezi mmoja wakitokwa na damu puani, kwenye kinyesi na hata katika tundu dogo la sindano. Wengi wa waliougua walikufa. Uchunguzi wa mizoga ulionyesha kwamba uboho, unaotengeneza chembe za damu, ulikuwa umeharibika. Baadaye visa kama hivyo viliripotiwa Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi na Uingereza.

Hofu ya mwanzo ilikuwa kwamba virusi vipya vimeingia mazizini. Hata hivyo, ugonjwa haukuambukizwa kutoka ndama mmoja hadi mwingine.

Chanzo chapatikana kwenye dang'a

Watafiti walibaini kuwa ndama hao walikuwa wamenyonya dang'a, yaani maziwa ya kwanza, ya ng'ombe waliopewa chanjo ya PregSure BVD dhidi ya ugonjwa wa kuhara unaosababishwa na virusi. Chanjo hiyo ilitengenezwa kwa kutumia seli za figo ya ng'ombe, na mabaki ya seli hizo yaliufanya mwili wa ng'ombe aliyechanjwa kuunda kingamwili dhidi yake. Mama hakudhurika. Lakini ndama hurithi pia maumbile ya baba, na baadhi yao walikuwa na alama zilizofanana na za seli za chanjo. Hao ndio walioshambuliwa na kingamwili za mama.

Hatua za serikali

Mwaka 2010 uuzaji wa chanjo hiyo ulisitishwa kwanza nchini Ujerumani, kisha katika Umoja wa Ulaya mzima, na Shirika la Dawa la Ulaya lilipendekeza leseni yake isimamishwe.

Tatizo halikuisha siku hiyo, kwani kingamwili hubaki mwilini mwa ng'ombe kwa miaka. Wafugaji walishauriwa kuwapa ndama dang'a ya ng'ombe wasiochanjwa kwa dawa hiyo. Kumnyima ndama dang'a kabisa hakukuwa suluhisho, kwa kuwa ndiyo kinga yake ya kwanza dhidi ya maradhi mengine.

Mwaka 2011 ugonjwa huo uligunduliwa pia New Zealand, na huko nako chanjo ikaondolewa sokoni.