Historia ya Migori si dhahabu tu, kuna pumzi pia

Jaribu hii kwanza: ziba pumzi. Sekunde thelathini, poa. Ukikaribia dakika, kifua kinaanza kukupigia kelele. Wengi tunadhani ni oksijeni imeisha. Zii! Mwaka 1905 John Scott Haldane na J. G. Priestley walionyesha kwamba kinachotusukuma kupumua siku zote ni kabonidayoksaidi, ikizidi kidogo tu kwenye mwili.

Kengele ya oksijeni iko kando. Mwaka 1928 Mhispania Fernando de Castro alipendekeza kwamba kinundu kidogo kama punje ya mchele, kilicho kwenye mshipa mkubwa wa shingo, kazi yake ni kuonja damu. Mbelgiji Corneille Heymans akathibitisha kwa majaribio, akapewa Nobeli ya 1938. Hivi ndivyo vipokezi vya kemikali. Oksijeni ikishuka vinaambia ubongo, nao unatoa amri: pumua haraka, mishipa ijibane, presha isianguke.

Sasa shika hii. Heymans akiwa maabara Ghent miaka ya 1930, huku kwetu Nyatike watu walikuwa wanachimba dhahabu Macalder. Mgodi ulifungwa 1966. Mashimo hayakufungwa nao, na vijana wa rika letu bado wanashuka Migori hii kutafuta dhahabu.

Shida ni kwamba kengele hiyo inaweza kudanganywa. Shimo likijaa maji, kuna kishawishi cha kushusha pampu ya petroli chini. Moshi wake una kabonimonoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Vipokezi vya shingoni hupima oksijeni iliyoyeyuka kwenye damu, si ile iliyobebwa na chembe nyekundu. Kwa hivyo vinaona kila kitu kiko sawa, na msee anaishiwa nguvu bila hata kuhema. Haldane huyo huyo alichunguza vifo vya wachimba makaa Uingereza, akashauri washuke na wanyama wadogo wanaolemewa na gesi mapema. Ndiyo sababu wachimbaji walibeba ndege wa kanari, hadi 1986 walipobadilishiwa vifaa vya kisasa. Wenzao walikuwa na ndege. Sisi tuna nini?

Ukivuka kwenda Homa Bay, muulize mvuvi yeyote kuhusu kamongo. Samaki huyu ana mapafu, na lazima apande juu kuvuta hewa. Mzuie chini, atakufa maji akiwa samaki! Mwaka 1928 Mmarekani Homer Smith alisafiri hadi ziwa letu kumtafuta ili amchunguze. Dunia ilikuja kusoma pumzi hapa kwetu, lakini somo halijafika shimoni.

Naona tukisimulia dhahabu tunahesabu gramu, hatuhesabu pumzi. Kama una ndugu anayeshuka, mwambie leo: injini ibaki juu, mbali na mdomo wa shimo. Kichwa kikianza kuuma, toka, usingoje kukosa pumzi. Na mwenzako akianguka, usimrukie kabla hewa safi haijaingizwa, maana shimo lililomwangusha yeye halitakuchagulia wewe. Kamongo anajua wakati wa kupanda. Sisi inabidi tuambiane.