Juisi ya mabibo: mpaka wake na ulevi

Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, ni nchi ya mikorosho. Kuanzia Oktoba mabibo (visiwani twayaita makanju) hujaa chini ya miti. Tunda hilohilo hutoa uraka, na uraka ukikenekwa huwa gongo. Je, juisi yake yafaa? Yafaa, maadamu haijachachuka.

Chukua mabibo ya asubuhi yasiyopasuka, uyaoshe, uyakamue na kuchuja. Ukakasi unaokwaruza koo huondoshwa kwa uji mwepesi wa mchele uliopoa: changanya, acha tope lizame, chuja tena. Kisha chemsha, tia sukari na ndimu, weka kwenye friji.

Imepokewa na Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) akirowekewa zabibu, akinywa maji yake hadi jioni ya siku ya tatu. Wengine huzifanya siku hizo kuwa ruhusa. Sivyo, sababu ya kuharimishwa ni kulevya, wala si hesabu ya siku, na kwa joto letu bibo huchachuka kabla ya kesho. Ikitoa povu na harufu ya ulevi, imwage.

Na anayesema uraka mchanga haulevyi akinywa kikombe kimoja, ajue: kinachochukuza akili kikiwa kingi, kichache chake ni haramu.