Robo ya Mwaka Isiyohesabiwa: Historia ya Masharti ya Mafao ya Ukosefu wa Ajira Marekani

Mafao ya ukosefu wa ajira nchini Marekani, yaani malipo ya kila wiki anayopewa mfanyakazi aliyepoteza kazi bila kosa lake huku akitafuta nyingine, hayatolewi kwa kigezo cha shida. Ofisi ya jimbo haichunguzi kama mdai ana akiba benki au kama kodi ya nyumba imemshinda. Huuliza alilipwa kiasi gani, katika miezi ipi, na kazi yake iliisha vipi. Maswali hayo yalijengewa msingi katika miaka ya 1930, na anayetaka kuelewa kwa nini mfanyakazi mmoja hulipwa na mwenzake wa kiwanda hicho hicho akanyimwa, au kwa nini dai lililoshindwa mwezi Machi lingefaulu mwezi Aprili, hana budi kuyarejea mapatano ya kisiasa ya wakati ule, kwa kuwa sehemu kubwa ya masharti ya leo haikutokana na mjadala wa haki bali na haja ya kuipitisha sheria bungeni na kasi ya makarani katika kupanga karatasi.

Uingereza ndiyo iliyotangulia. Sheria yake ya Bima ya Taifa ya 1911 iliwalipa wafanyakazi wa viwanda vichache, vikiwemo vya ujenzi na uundaji meli, shilingi 7 kwa wiki kwa muda usiozidi wiki 15 katika miezi 12, na wiki moja ya malipo ilipatikana kwa kila michango mitano ya wiki. Kanuni kwamba haki ya kulipwa hununuliwa kwa kazi iliyokwisha kufanywa ilivuka bahari, lakini Marekani iliipokea kwa namna yake.

Namna hiyo ilibuniwa Wisconsin. Mchumi John R. Commons wa chuo kikuu cha jimbo hilo alishikilia kwamba mwajiri anayepunguza wafanyakazi anapaswa kubeba gharama ya uamuzi wake, kama anavyobeba gharama ya mfanyakazi aliyeumia kazini, na kwamba gharama hiyo ingemfanya apange uzalishaji wake vizuri zaidi. Muswada wa kwanza wa mwaka 1921 ulikwama, na iliyofuata ikakwama pia, hadi Januari 1932, katikati ya Mdororo Mkuu wa uchumi, Gavana Philip La Follette alipotia saini sheria iliyoandaliwa na Harold Groves pamoja na wanandoa Paul Raushenbush na Elizabeth Brandeis. Kila mwajiri alifunguliwa akaunti yake ya akiba, na malipo hayakuzidi dola 10 kwa wiki kwa wiki 10. Hundi ya kwanza ilitolewa mjini Madison Agosti 1936, baada ya sheria kurekebishwa, nayo ilikuwa ya dola 15.

Ushindi wa Commons ulibaki katika utaratibu wa kumtoza mwajiri kodi kulingana na rekodi yake, ambapo kampuni ambayo wafanyakazi wake wa zamani hulipwa mafao mengi hupandishiwa kiwango, na ile isiyo na madai hupunguziwa. Utaratibu huo ulikusudiwa kuzuia upunguzaji wa wafanyakazi. Ulichofanikiwa kuzaa, bila ubishi, ni mwajiri mwenye sababu ya kifedha ya kupinga kila dai. Hapa msomaji wa Afrika Mashariki aliyezoea kusikia wafanyakazi wakidai fao la kujitoa, yaani kurejeshewa michango ya hifadhi ya jamii mtu anapoacha kazi, atahadhari, kwa sababu fao lile hutoka katika michango iliyowekwa kwa jina la mwanachama, ilhali Marekani, isipokuwa Alaska, New Jersey na Pennsylvania, mfanyakazi hakatwi mshahara kwa ajili ya bima hii wala hana fungu lake mwenyewe la kulitoa.

Rais Franklin Roosevelt alipounda kamati ya usalama wa kiuchumi mwaka 1934 chini ya Waziri wa Kazi Frances Perkins, hofu kubwa ilikuwa Mahakama ya Juu, ambayo ingeweza kuifuta sheria yoyote iliyoonekana kuingilia mamlaka ya majimbo. Njia ya kuikwepa hofu hiyo ilipendekezwa na mjumbe wa mahakama hiyo hiyo, Jaji Louis Brandeis, babake Elizabeth: serikali kuu itoze waajiri kodi ya mishahara nchi nzima, kisha iwasamehe hadi asilimia 90 ya kodi hiyo iwapo wamelipa katika mfuko wa bima wa jimbo lao. Jimbo lisilotunga sheria lingeona fedha za waajiri wake zikienda Washington bila wafanyakazi wake kupata chochote. Sheria ya Hifadhi ya Jamii, iliyobeba kodi hiyo, ilitiwa saini tarehe 14 Agosti 1935, Mahakama ya Juu ikaikubali kodi hiyo Mei 1937 kwa kura 5 dhidi ya 4 katika kesi ya Steward Machine, na kufikia mwisho wa mwaka huo majimbo yote yalikuwa na sheria zao. Ndiyo maana hadi leo hakuna masharti ya Marekani kwa ujumla, bali yapo masharti ya Texas, ya Ohio, ya Florida, na kila jimbo lina kiwango chake, muda wake na fomu zake.

Mapatano hayo yalikuwa na bei yake. Kodi iliwahusu waajiri wenye wafanyakazi 8 au zaidi, na kazi za mashambani na za nyumbani ziliachwa nje kabisa, jambo lililowaweka kando sehemu kubwa ya wafanyakazi Weusi wa majimbo ya Kusini. Marekebisho ya 1976 ndiyo yaliyoingiza mashamba makubwa na baadhi ya watumishi wa nyumbani kuanzia 1978. Marekebisho hayo pia yaliweka sharti linalowagusa wahamiaji: mshahara uliopatikana bila mtu kuwa nchini kihalali hauhesabiwi katika dai.

Swali la kosa nalo lilikua gumu kadiri miaka ilivyopita. Sheria za mwanzo nyingi zilimcheleweshea malipo kwa wiki chache mfanyakazi aliyejiuzulu au kufukuzwa kwa utovu wa nidhamu, lakini taratibu majimbo mengi yalihamia kwenye kumnyima kabisa hadi apate kazi nyingine na kulipwa kiasi kilichowekwa. Mwaka 1963 Mahakama ya Juu iliweka mpaka katika kesi ya Adell Sherbert, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo South Carolina na muumini wa Kanisa la Waadventista Wasabato, aliyenyimwa mafao kwa kukataa kazi ya Jumamosi. Mahakama iliamua kwamba jimbo haliwezi kumlazimisha mtu kuchagua kati ya ibada yake na mafao.

Hata hivyo, sharti linalowaangusha watu wasio na kosa lolote ni la kalenda. Sheria za majimbo mengi hupima kazi ya mdai ndani ya kipindi cha msingi, yaani robo nne za mwanzo kati ya robo tano za mwaka zilizokamilika kabla ya dai. Robo ya tano, iliyo karibu zaidi na siku ya kupoteza kazi, huachwa, pamoja na ile ambayo bado inaendelea. Chanzo chake ni cha kiofisi: waajiri walileta taarifa za mishahara kwa karatasi kila baada ya miezi mitatu, na makarani walihitaji muda wa kuzipanga kabla ya kuzitumia. Mtu aliyeanza kazi Julai 2023, ikiwa ndiyo ajira yake ya kwanza, na kupunguzwa katikati ya Machi 2024, akidai mwezi huo huo huhesabiwa mshahara wa Julai hadi Septemba tu, na kwa kuwa majimbo mengi hutaka mapato katika robo mbili, hukataliwa kwa kipimo hicho. Akidai wiki ya kwanza ya Aprili, kipindi cha msingi husogea na kuwa mwaka mzima wa 2023, robo mbili zinapatikana, na dai linaweza kupita. Kazi ni ile ile na mshahara ni ule ule.

Wafanyakazi wa Illinois waliupinga utaratibu huo mahakamani, na mwaka 1994 mahakama ya rufaa mjini Chicago ilikubali kwamba wanaweza kuupinga kwa hoja ya ucheleweshaji wa malipo. Bunge la Marekani lilijibu mwaka 1997 kwa kutamka kwamba kipindi cha msingi ni shauri la kila jimbo. Mwaka 2009, baada ya mtikisiko wa fedha, lilibadili mkakati na kutenga dola bilioni 7 za motisha, theluthi yake ikienda kwa majimbo yatakayokubali kipindi mbadala kinachoihesabu robo ya karibuni. Majimbo mengi yalikubali. Mashine zilikuwa zimekwisha kuondoa sababu ya karani zamani, lakini majimbo mengi hayakuilegeza kanuni hadi fedha zilipowekwa mezani, na mengine hayakuilegeza hata hapo.

Dai likikubaliwa, huanza mwaka wa mafao, yaani wiki 52 ambazo ndani yake mdai anaweza kuchukua idadi ya wiki alizopangiwa, ambayo kwa muda mrefu imekuwa 26 katika majimbo mengi, ingawa Florida na North Carolina zilishusha ukomo hadi 12. Aliyepata kazi kisha akaipoteza kabla ya mwaka huo kuisha hafungui dai jipya. Dai la zamani hufufuliwa na kuendelea na salio lake. Aliyemaliza wiki zake zote hawezi kuanza upya mpaka mwaka uishe, na wiki zilizobaki baada ya mwaka kuisha hupotea. Robo ile iliyoachwa ilizaa mwanya hapa, kwani mshahara wake uliingia katika kipindi cha msingi cha dai la pili na mtu aliweza kulipwa miaka miwili kwa kupoteza kazi moja. Kwa hiyo sheria ya 1970 ilitaka aliyekwisha kulipwa awe amefanya kazi tangu mwanzo wa mwaka wake wa kwanza kabla ya kulipwa tena.

Janga la UVIKO-19 liliijaribu mitambo hii yote kwa pamoja. Sheria ya Machi 2020 iliongeza dola 600 kwa wiki hadi mwisho wa Julai, na kwa mara ya kwanza nchi nzima ikawalipa waliojiajiri. Waliokuwa wamedai mwanzoni mwa janga walipofikisha mwaka wao wa mafao, baadhi yao walikuwa wamepata vibarua vidogo vilivyowastahilisha dai jipya lenye malipo madogo kuliko la zamani, kiasi cha kumfanya aliyejitahidi kupata kazi aambulie hasara. Desemba 2020 Bunge lilikuwa limeruhusu majimbo kuwaacha kwenye malipo ya awali iwapo dai jipya lingewapunguzia dola 25 au zaidi kwa wiki. Nafuu zilizobaki zilikoma mwanzoni mwa Septemba 2021. Tangu hapo robo nne kati ya tano zimeendelea kuwa kipimo cha kawaida, kodi ya serikali kuu inaendelea kutozwa katika dola 7,000 za mwanzo za mshahara wa mwaka, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1983, na dereva aliyejiajiri hana dai, kama ambavyo hakuwa nalo mwaka 1935.