Mstari wa 30: ugomvi wa longitudo uliotangulia saa za Kamembe

Mei 14, 2025 ilitimia miaka 115 tangu mkutano wa Brussels uliohusisha Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza utoe makubaliano yaliyogawa Ziwa Kivu. Mto Rusizi ukawa mpaka. Kisiwa cha Idjwi kikaenda Kongo, na vilima vya Kamembe vikabaki upande wa Rwanda, vikitazamana na Bukavu ng'ambo ya maji. Makubaliano hayo yanakumbukwa kama habari ya ardhi. Ndani yake, hata hivyo, kulikuwa na hesabu ya saa, ileile inayowasumbua leo watu wa Kamembe wanaopanga mazungumzo na Arusha, Kinshasa au Brussels.

Tuanze na hali ilivyo sasa. Mfanyabiashara wa Kamembe akialikwa kwenye mkutano wa mtandaoni utakaoanza saa 4:00 asubuhi "saa za Afrika Mashariki", kwake hiyo ni saa 3:00 asubuhi. Mwenzake wa Bukavu ana saa 3:00 vilevile, kwa sababu mashariki ya Kongo na Rwanda hutumia saa zilezile. Ofisa wa Kinshasa, ambaye ni wa nchi moja na huyo wa Bukavu, saa yake inasoma 2:00. Mkutano ni mmoja na saa ni tatu. Kama mwaliko umeandikwa kwa Kiingereza, kuna hesabu nyingine ya kuondoa au kuongeza saa sita kabla mtu hajaifikia saa anayoitamka mdomoni. Ndugu wakiwa Ubelgiji, mambo yanazidi: kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za Brussels na za Kamembe ni sawa, kisha majira ya baridi Brussels inabaki nyuma kwa saa moja.

Zamani kila mji ulikuwa na saa yake, iliyofuata jua la hapo. Reli na simu za waya ndizo zilizozilazimisha nchi zikubaliane. Oktoba 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington, na kwa kura 22 wakaichagua Greenwich, jirani na London, iwe mahali pa kuanzia kuhesabu longitudo. Kutoka Afrika ilikuwapo Liberia pekee. Mwezi uliofuata ukafunguliwa mkutano wa Berlin. Kwa hiyo mataifa ya Ulaya yalikuja kuigawa Afrika yakiwa na chombo kipya mkononi: mistari ya kuhesabiwa toka Greenwich, inayoweza kuchorwa juu ya karatasi bila aliyeichora kufika kwenye nchi yenyewe.

Hapo ndipo Kinyaga, eneo ambalo leo sehemu yake kubwa ni wilaya za Rusizi na Nyamasheke, lilipoingia matatani. Agosti 1885 Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji ilitangaza mipaka yake. Upande wa mashariki mpaka ulipaswa kutoka ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, uende moja kwa moja hadi penye longitudo ya 30 mashariki ya Greenwich na latitudo ya digrii 1 na dakika 20 kusini. Ukiuchora mstari huo kwenye ramani ya leo, Ziwa Kivu lote linaangukia Kongo, na Kamembe pia, pamoja na sehemu kubwa ya magharibi ya Rwanda. Wakati huo Wazungu walilijua Kivu kwa kusikia tu. Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alilifikia mwaka 1894, baada ya kuivuka Rwanda ya Mwami Rwabugiri.

Mwanahistoria Mmarekani William Roger Louis, katika kitabu chake cha 1963 kuhusu Ruanda-Urundi, ameufuatilia kwa kina ugomvi uliotokea, na ndiye ninayemtegemea hapa. Wajerumani walidai kwamba mpaka wa haki ni ule wa maumbile, yaani mto na ziwa. Wabelgiji walishika karatasi ya 1885. Mwaka 1896 askari wa Kongo walifika Shangi, kando ya Kivu, wakalishinda jeshi la Rwanda lililokwenda kuwazuia. Baadaye maasi makubwa ya askari wa Kongo yakawadhoofisha Wabelgiji, na mwaka 1898 Mjerumani Kapteni Bethe akaweka kituo hapohapo Shangi. Kamanda Hecq alipofika kwa niaba ya Kongo akakuta nafasi imeshachukuliwa. Mwishoni mwa 1899 wawili hao wakakubaliana wasipigane, wayaache mambo mpaka serikali zao ziamue.

Ili serikali ziamue, ilibidi kwanza ijulikane mstari wa 30 unapita wapi. Tume ya pamoja ikaanza kupima mwaka 1900. Kupima longitudo ni kulinganisha saa mbili. Mpimaji anasubiri nyota au jua lipite juu yake, anapata saa ya pale alipo, halafu anailinganisha na saa ya Greenwich. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa moja, kwa hiyo kila dakika nne za tofauti ni digrii moja, na karibu na ikweta digrii moja ni kama kilomita 111. Shida ni kuipata hiyo saa ya Greenwich ukiwa porini. Njia mojawapo ilikuwa kubeba kronomita, saa ya usahihi mkubwa, ikisafiri katika masanduku ya wapagazi kutoka pwani kwa miezi mingi, kwenye joto na matope, ikipanda na kushuka vilima. Ikikosea dakika moja tu, unajikuta karibu kilomita 28 mbali na ulipo. Ziwa Kivu lina upana wa kama kilomita 50 mahali linapopanuka. Dakika mbili zinatosha kulihamisha ziwa lote toka dola moja hadi nyingine.

Kandokando ya tume hiyo waliishi watu ambao hawakuulizwa chochote. Mtafiti Catharine Newbury, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1988, ameonyesha jinsi Kinyaga ilivyokuwa tayari na historia yake ndefu: koo zenye ardhi na machifu wao, na utawala wa Rwabugiri uliokuwa ukijipenyeza kutoka kati ya nchi. Wao walilima, walivuka mto na kuoana na wenzao wa ng'ambo, na siku yao waliihesabu kwa jua. Naona ni aibu kwamba katika masimulizi ya mpaka huu tunayakumbuka majina ya makapteni, na wapagazi waliozibeba saa hatuna hata jina lao moja.

Mwaka 1910 Brussels ikamaliza kesi. Wajerumani walipata walichotaka kwa mto na sehemu ya ziwa, Wabelgiji wakapewa Idjwi. Miaka sita baadaye, Aprili 1916, Wabelgiji walivuka na kuanza kuiteka Rwanda. Mwezi huohuo, Aprili 30, Ujerumani ikawa nchi ya kwanza kusogeza saa zake mbele nchini kote wakati wa kiangazi, ili kuokoa makaa ya mawe vitani. Desturi hiyo ndiyo inayowachanganya mpaka leo wenye ndugu Ulaya.

Mwaka 1925 Ruanda-Urundi iliunganishwa kiutawala na Kongo ya Ubelgiji, na hatimaye saa za pande mbili za Rusizi zikawa pamoja: saa mbili mbele ya Greenwich. Upande wa Waingereza kulikuwa na kubadilika-badilika. Kenya, Uganda na Tanganyika zilipitia hata kipindi cha kutumia saa mbili na dakika 45 mbele ya Greenwich, kabla ya kutulia kwenye saa tatu. Uhuru ulipokuja kila nchi ilibaki na saa iliyoirithi.

Saa hizo tofauti zikaja kukutana katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Rwanda na Burundi zilijiunga nayo mwaka 2007. Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma Februari 1, 2021, ikaungana na Kigali. Kongo ikawa mwanachama kamili Julai 2022, Somalia mwaka 2024. Tangu Januari 2023 ofisi za Rwanda zinafunguliwa saa 3:00 asubuhi, wakati Arusha ni saa 4:00. Anayepiga simu kutoka Arusha saa 2:30 asubuhi asishangae kutojibiwa.

Sasa hoja yangu. Wakazi wa Kamembe wamezoea kuambiwa kwamba saa yao iko "nyuma". Ramani inasema jambo jingine. Saa za Afrika Mashariki zimejengwa juu ya longitudo ya 45. Mstari huo haugusi Kenya, Uganda wala Tanzania. Katika Jumuiya nzima unapita Somalia peke yake. Mstari wa 30, uleule waliougombania kina Bethe na Hecq, unapita Sudan Kusini, Kongo, Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania, nchi sita kati ya nane. Kigali iko karibu juu yake kabisa.

Jua nalo linashuhudia. Kwa wastani, Kamembe jua hufika utosini saa 6:04 mchana. Nairobi ni 6:33, Kampala 6:50. Kigoma, iliyo karibu sana na longitudo ya Bujumbura, jua hufika utosini saa 7:01, ilhali Bujumbura ni 6:03. Hesabu yetu ya Kiswahili huanza siku jua linapochomoza, saa 12 asubuhi. Kamembe jua huchomoza karibu na saa 12 kweli, mwaka mzima, likitangulia au kuchelewa kwa kama robo saa. Hesabu hiyo ya mababu inakaa sawasawa zaidi kwenye kingo za Rusizi kuliko Dar es Salaam.

Simu zetu hazina habari na hayo. Jedwali la kimataifa la kanda za saa ambalo simu na kompyuta nyingi hulitegemea, linalosimamiwa na shirika la IANA, limeiunganisha Kigali na Maputo, Kampala na Dar es Salaam zimefungwa kwa Nairobi, na Kinshasa kwa Lagos, kwa kuwa tangu 1970 saa za miji hiyo hazijatofautiana. Kwa mashine inatosha. Kwa mtu anayesoma mwaliko haitoshi, kwa sababu mashine hugeuza saa ikiwa tu mwandishi ameeleza ni saa ya wapi.

Kwa hiyo nawaomba wanaoandika ratiba za Jumuiya, vyuo, makanisa na vyama vya wafanyabiashara: msiandike "saa za Afrika Mashariki" mkaishia hapo. Andikeni saa 4:00 asubuhi Arusha, saa 3:00 Kigali na Bukavu, saa 2:00 Kinshasa. Ni mstari mmoja wa maandishi, na mtu wa Kamembe atafika mkutanoni kwa wakati.