Waliokimbilia Lindi, 1905

Agosti 1905 Cassian Spiss, askofu Mbenediktini wa Dar es Salaam, alishika njia ya Kilwa kwenda Peramiho pamoja na mabruda Andreas Scholzen na Gabriel Sonntag, na masista Felicitas Hiltner na Cordula Ebert. Wamatumbi wa Nandete walikuwa wameng'oa pamba wiki chache tu nyuma. Tarehe 14 wote watano waliuawa Mikukuyumbu, Liwale. Mwezi haujaisha, misheni ya Nyangao nayo ikashambuliwa. Wamisionari wakakimbilia Lindi. Sista Walburga Diepolder hakufika.

Habari hizi husimuliwa mara nyingi kama tetemeko la ardhi: nchi ilitulia, ghafla ikapasuka. Hofu yao siitilii shaka. Ila Maji Maji yalikuwa na chanzo, tena cha wazi: kodi, viboko, na pamba ya kulazimishwa chini ya maakida. Kwa aliyechapwa, Mjerumani wa kanzu na Mjerumani wa bunduki walikuja pamoja.

Na aliyenusurika Nyangao alikuwa na Lindi, yenye askari na bahari. Mkulima wa Liwale akimbilie wapi? Majeshi ya Wajerumani yalichoma vijiji na maghala, njaa ikamaliza kazi. Serikali yao ilikadiria waliokufa 75,000. Gilbert Gwassa, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa huku, alifikia 250,000 hadi 300,000.

Mwaka 1906 Wabenediktini walianzisha misheni ya Ndanda. Watu walikuwa bado wanachimba mizizi porini.